Pafu Lisilotoa Usaha

Alinionyesha kwa kidole kimoja. Wagonjwa wengi ukiwauliza wapi panauma hupapasa kifua kizima kwa kiganja, lakini yeye aliweka ncha ya kidole ubavuni, chini kidogo ya kwapa la kulia, akasema, "Daktari, nikivuta pumzi mpaka mwisho, kuna kitu kinanichoma hapa." Alikuwa mwalimu mstaafu na wodi nzima ilimwita Mwalimu. Niliweka stetoskopu pale pale alipogusa. Hewa iliingia na kutoka vizuri, bila mkwaruzo wala mkoromo. Hakuwa na kohozi. Eksirei ya asubuhi ile ilikuwa safi. Joto lilikuwa 38.4, na alikuwa siku ya nne kwenye antibayotiki kali za mshipani. Kwenye faili nikaandika: kifua hakina tatizo.

Ilikuwa siku ya 11 tangu neutrofili zake, chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi, zishuke chini ya 500 kwa kila maikrolita ya damu. Asubuhi ile mashine ilikuwa imeandika sifuri.

Nimewatibu wagonjwa wa damu kwa miaka mingi sasa, na maneno yale matatu ndiyo yanayonirudia kuliko mengine yote niliyowahi kuandika kwenye faili la mgonjwa. Nilipoyaandika niliamini ni kweli, na kwa jinsi nilivyofundishwa kusikiliza kifua, yalikuwa kweli. Nilichosahau ni kwamba dalili karibu zote tunazotegemea kuitambua nimonia haziletwi na kimelea peke yake. Huletwa na mwili unaopambana nacho. Usaha ni neutrofili zilizokufa. Kohozi zito la njano ni hizo hizo. Ule weupe unaofunika sehemu ya pafu kwenye eksirei ni majimaji na seli zilizokimbilia pale, na mkoromo tunaousikia ni hewa ikijipenyeza katikati ya mchanganyiko huo. Mtu ambaye kemo, yaani dawa za saratani, imekausha uboho wake hana cha kukusanya. Kuvu inaweza kuwa inalitafuna pafu lake, nalo likabaki kavu na kimya, na daktari akausikiliza ukimya ule akaandika kwamba ni uzima.

Naandika haya kwa ajili ya madaktari na wauguzi vijana wanaoanza zamu kwenye wodi za damu, na kwa ndugu wanaokaa pembeni ya vitanda hivyo wakishangaa kwa nini tunaagiza kipimo juu ya kipimo ilhali dawa tumeshaianza.

Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa ule unaofunika bonde alfajiri na kwa ule unaoota kwenye ukuta wenye unyevu. Kwa kazi yangu neno hilo limekaa mahali pake, maana ukungu huu wa pili nao husafiri hewani, na mwishowe huonekana kwenye picha ya pafu kama ule wa kwanza. Aspergillus fumigatus, kuvu wa ukungu huo anayesababisha madhara mengi kuliko wenzake, huishi kwenye udongo, majani yanayooza na mboji, na hutimka pamoja na vumbi la ujenzi. Mbegu zake zina upana wa maikromita 2 hadi 3 hivi, wakati unywele wa mtu una kama 70, kwa hiyo huelea kwa muda mrefu na zikivutwa hufika mpaka kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya hewa. Kila mmoja wetu huvuta mamia yake kwa siku bila kujua. Seli zinazolinda mapafu huzimeza, na zile zinazowahi kuchipua nyuzi huvamiwa na neutrofili. Pier Antonio Micheli, padri na mtaalamu wa mimea wa Italia, ndiye aliyeipa jamii yake jina la Aspergillus mwaka 1729, kwa sababu kichwa chake cha mbegu kilifanana na kinyunyizio cha maji ya baraka. Nimekitazama kichwa hicho kwenye hadubini mara nyingi. Kinapendeza, na hilo bado hunisumbua.

Hatari huanza pale neutrofili zinapokaa chini ya 500 kwa zaidi ya siku 10. Ndiyo hali ya wenye lukemia kali ya mieloidi, aina ya saratani ya damu aliyokuwa nayo Mwalimu, wakati wa kemo ya mwanzo. Wako pia waliopandikizwa uboho wa mtu mwingine, hasa uboho ule unapoanza kuushambulia mwili na tukalazimika kuwapa steroidi nyingi. Na siku hizi wako wanaotumia vidonge vya saratani ya damu kama ibrutinibu, ambao hesabu ya neutrofili inaweza kuonekana nzuri kabisa lakini ulinzi umedhoofika. Hawa wa mwisho tunawasahau mno.

Siku mbili zilipita. Homa ya Mwalimu haikushuka. Nilibadilisha antibayotiki moja, nikarudia kuotesha damu maabara, nikasubiri. Siku ya 13 muuguzi aliyekuwa akimaliza zamu ya usiku alinifuata korido, mkoba wake tayari begani. "Daktari, Mwalimu tangu aje analalia ubavu wa kulia. Jana kalala wa kushoto mpaka kumekucha. Nimemgeuza mara mbili, anarudi." Akaenda zake nyumbani. Mimi nikaenda kuomba picha ya CT, ambayo nilipaswa kuiomba siku ile aliponionyesha kwa kidole.

Ilipigwa mchana huo. Daktari wa picha alikuwa akiteremka kipande baada ya kipande, pafu jeusi na mishipa yake myeupe kama matawi ya mti wa kiangazi, mpaka akafika sehemu ya chini kulia na kusimama. Palikuwa na doa la mviringo, kama sentimita 2, limejiegemeza kwenye utando wa nje wa pafu. Kichomi cha Mwalimu kilikuwa pale pale. Na kulizunguka doa kulikuwa na rangi ya kijivu hafifu, kama mwezi uliozungukwa na duara la ukungu. Hakusema neno. Aliweka mshale wa skrini juu yake, akanitazama.

Duara lile ni damu. Nyuzi za Aspergillus huifuata mishipa, huipenya na kuiziba, sehemu iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hufa, na damu huvuja kuizunguka maiti hiyo ndogo. Kwa hiyo unapoliona, tayari kuvu imeingia mshipani. Na halidumu. Huonekana zaidi siku za mwanzo, kisha hufifia katika wiki moja au mbili zinazofuata, ndiyo maana picha iliyocheleweshwa inaweza kuonyesha doa la kawaida lisilomwambia mtu kitu. Eksirei ya kifua, ambayo bado tunaikimbilia kwanza kwa mazoea, inaweza kuwa safi kabisa wakati doa kama hili lipo. Mgonjwa mwenye neutrofili kidogo ambaye homa yake haijashuka baada ya siku tatu au nne za antibayotiki anastahili CT hata kama kifua kinasikika kizuri. Hasa kama kinasikika kizuri huku yeye anasema kinachoma.

Duara si uthibitisho. Bakteria kama Pseudomonas wanaweza kulileta, uvujaji wa damu wa kawaida unaweza, hata saratani yenyewe inaweza, na kifua kikuu nacho huacha madoa ya kila sura. Lakini kwa mtu wa hali ya Mwalimu sisubiri uthibitisho. Vorikonazoli, dawa ya kupambana na kuvu, ilianza kuingia kwenye kanula yake jioni ile ile. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2002 lilionyesha kwamba kati ya waliopewa dawa hiyo kwa ugonjwa huu, asilimia 71 walikuwa hai baada ya wiki 12, ikilinganishwa na asilimia 58 ya walioanzishiwa amfoterisini B ya zamani. Hizo ni namba za watu waliotibiwa. Anayeachwa bila tiba huku neutrofili zake ziko chini, mara nyingi hafiki wiki 12.

Usiku ule mwanawe aliniuliza kama sasa tumemaliza, maana ugonjwa umeonekana na dawa imeanza. Nilimwambia hapana, kutafuta ndiyo kwanza kumeanza. Alinitazama kama mtu aliyechoshwa na madaktari, na ninamwelewa.

Tulianza na damu. Kipimo cha galaktomanani hutafuta sukari ndefu inayojenga ukuta wa seli ya Aspergillus, ambayo humwagika kuvu inapokua. Jibu huja kama namba. Maabara nyingi huanza kulitilia shaka kuanzia 0.5, na makubaliano ya wataalamu ya mwaka 2020 yanadai 1.0 kama una kipimo kimoja tu cha damu mkononi. Jibu la Mwalimu lilikuwa 0.3. Daktari kijana tuliyekuwa naye aliuliza kwa heshima kama tusimamishe vorikonazoli. Lilikuwa swali zuri, na jibu lake limo kwenye kadi ya dawa: Mwalimu alikuwa akimeza posakonazoli ya kinga tangu siku ya kwanza ya kemo. Dawa ya kinga inaweza kuwa imeshindwa kumzuia kuvu na bado ikapunguza kile anachomwaga damuni, hivyo kipimo kikawa hasi kwa mgonjwa mwenye ugonjwa. Kila ninapolisoma jibu la galaktomanani, kwanza naisoma kadi ya dawa.

Kipimo cha betaglukani kinagusa kuvu nyingi zaidi kwa mara moja. Kilitokana na damu ya Limulus, mnyama wa pwani mwenye gamba la ngao na damu ya buluu, ambayo huganda ikikutana na vipande vya ukuta wa kuvu. Tatizo lake kwa watu wetu ni kwamba hudanganywa kirahisi. Imunoglobulini ya mshipani, albumini, aina fulani za vichujio vya dialisisi, hata shashi nyingi za kwenye kidonda, vyote vinaweza kukipandisha, na mgonjwa wa damu hupitia mengi ya hayo kila wiki. Mimi hukiamini zaidi kinaposema hapana, na zaidi ya yote kuhusu Pneumocystis, kuvu nyingine ya mapafu, ambayo nayo huwapata wagonjwa hawa na karibu kila mara hukipandisha sana. Ama kuotesha damu, usikae unakusubiri. Aspergillus huishi ndani ya mishipa na bado karibu haoti kabisa kwenye chupa za damu. Sijui kama kuna jambo jingine katika kazi hii linalokera kama hilo.

Basi ikabaki kwenda kwenye pafu lenyewe. Chembe sahani za Mwalimu, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa 14,000, wakati kawaida huanzia 150,000. Kukata kinyama kwa sindano ilikuwa ni kumwalika atokwe na damu mbele ya macho yetu. Kuliosha pafu ni jambo jingine. Asubuhi tulimwongezea chembe sahani, na saa nne mrija mwembamba wenye kamera ulipita puani, ukashuka kooni, ukaingia tawi la chini kulia. Maji ya chumvi yalisukumwa taratibu kwenye kijitawi kinachoelekea lile doa, kisha yakavutwa. Yalirudi pungufu, yana povu, weupe hafifu, na uzi mmoja wa damu. Mwalimu alikuwa macho nusu. Alishika pindo la koti langu muda wote.

Galaktomanani kwenye maji yale ilikuwa 3.1. Kwenye hadubini zilionekana nyuzi nyembamba zenye kuta za kugawa, zinachepuka kwa pembe ya digrii 45 hivi. Siku ya nne maabara ikapata ukungu wa kijani-kijivu kwenye sahani. Hilo la kuotesha lina faida ambayo namba haiwezi kuitoa: kuvu ikishaota unaweza kuipima kama dawa inaiua. Sehemu mbalimbali za dunia sasa kuna Aspergillus asiyesikia dawa za jamii ya vorikonazoli, kwa sababu dawa za jamii hiyo hiyo hunyunyizwa mashambani na yeye huzizoea huko nje, kabla hajamfikia mgonjwa yeyote. Wa Mwalimu alisikia.

Wataalamu wa Ulaya na Marekani wana ngazi tatu za kuuelezea ugonjwa huu, walizoziweka mwaka 2002 na kuzipitia upya mwaka 2008 na 2020. Naweza kuziita huenda, yamkini na hakika. Mwalimu alikuwa huenda siku ya CT, akawa yamkini siku ya mrija. Hakika hudai kuvu ionekane ndani ya nyama yenyewe, au ioteshwe kutoka mahali pa mwili ambapo haipaswi kuwapo chochote, na wagonjwa wangu wengi hawafiki huko wakiwa hai. Ngazi hizi zilitungwa ili watafiti walinganishe wagonjwa wanaofanana. Naumia ninapoona daktari anazitumia kama ruhusa, anasubiri yamkini kabla ya kuandika dawa.

Siku ya 22 neutrofili za Mwalimu zilianza kurudi, na siku mbili baadaye alikohoa damu, kidogo, kijiko kimoja hivi. Familia iliogopa sana. Seli zikirudi pafu huwaka, na sehemu iliyokufa huanza kubanduka, na huo ndio wakati wa kumwangalia mgonjwa kwa karibu kwa sababu wachache hutokwa na damu nyingi. CT ya siku ya 26 ilionyesha doa limepata ufa mweusi upande wa juu, umepinda kama mwezi mwandamo. Ni hewa iliyoingia kati ya nyama iliyokufa na nyama iliyo hai. Ilibidi nimwambie mwanawe kwamba baba yake ana shimo kwenye pafu na kwamba nimefurahi kuliona.

Miezi michache baadaye alilazwa msichana wa miaka 19 mwenye lukemia ile ile, na kosa nililolifanya kwake lilikuwa la upande wa pili.

Safari hii sikuchelewa. Homa ilipofika siku ya nne niliomba CT, nikaona doa kwenye pafu la kushoto, nikaanza vorikonazoli ndani ya saa chache. Galaktomanani ikarudi hasi. Betaglukani ikarudi hasi. Ilikuwa mwisho wa wiki, chembe sahani zilikuwa chini, na tukasema pafu tutaliosha akipata nafuu kidogo, maana dawa tayari anayo. Siku ya tano ya dawa doa lilikuwa limeongezeka karibu mara mbili. Sasa, ni kweli kwamba doa la Aspergillus linaweza kukua wiki ya kwanza hata dawa ikifanya kazi, na nilikuwa nimeshawaeleza hivyo wazazi wengi. Nikajieleza mwenyewe vivyo hivyo. Ukweli niliokuwa nao ulinituliza mahali ambapo haukupaswa.

Daktari wa picha ndiye aliyenipigia. Alisema, "Litazame tena. Limegeuka." Safari hii ukungu ulikuwa katikati, na pete nzito nyeupe ikauzunguka kwa nje. Sura hiyo, kwa mgonjwa asiye na neutrofili, hutufanya tufikirie kuvu wa jamii nyingine, Mucorales, kabla ya kitu kingine. Hawa hawana galaktomanani, na betaglukani yao haitoshi kukiamsha kipimo. Vorikonazoli haiwagusi. Hasi zile mbili pamoja na pafu linalozidi kuharibika zilikuwa zinaniambia jambo, nami nilizisoma kama karatasi tupu. Uchambuzi mmoja wa wagonjwa 70 wa saratani za damu, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba waliocheleweshewa amfoterisini B kwa siku 6 au zaidi walikufa kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wengine katika wiki 12. Nilihesabu siku zetu kwa vidole nikiwa nimesimama na simu mkononi.

Nitasema mapema kwamba msichana yule alipona. Alipoteza nusu ya chini ya pafu la kushoto kwa upasuaji, na alipona.

Pafu lilioshwa jioni ile, chembe sahani zikiwa bado zinadondoka kwenye mpira. Mtaalamu wa maabara hakutuma jibu kwa maandishi. Alinipigia akasema njoo utazame mwenyewe. Alikuwa ameweka rangi inayong'aa, na kwenye giza la lenzi palikuwa na tepe pana, zimejikunja kama utepe uliodondoshwa sakafuni, karibu hazina kuta za kugawa, tawi linatoka digrii 90 kutoka kwenye shina. Hakuna aliyehitaji kueleza. Aliniuliza tu, "Dawa ipo?" Ilikuwepo.

Mama yake alikuwa kwenye benchi nje ya wodi. Nilimwambia tumempata, kwamba si yule tuliyemdhania, na kwamba tunabadilisha dawa sasa hivi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari, siku zote hizi mnaniambia maambukizi, maambukizi. Kumbe yana jina?"

"Yana jina, mama."

"Niandikie."

Nilitoa karatasi mfukoni nikaandika jina kwa herufi kubwa. Alilisoma kimoyomoyo, midomo ikicheza, akanirudishia karatasi akaniomba niandike na dawa. Nikaandika ile tuliyoisimamisha, nikaipiga mstari, na chini yake ile iliyokuwa inaanza, pamoja na saa: saa 2:40 usiku.